Zimwi la kwenye kitabu na dudu la juu ya bati

Mwezi wa saba Dodoma upepo unavuma mpaka mabati yanaongea. Huku kwetu Nkuhungu kuna bati moja la jikoni limelegea msumari, usiku likawa linapiga ta, ta, kimya, ta, na binti yangu wa miaka minne na nusu akaniuliza "mama, dudu liko juu?" na kabla sijafungua mdomo bibi yake akajibu kutoka chumba cha pili, "liko, linatafuta watoto wasiolala". Mtoto akajifunika mpaka kichwa, akalala kweli. Wiki ile ile nikamletea kitabu cha picha chenye lidude lenye macho ya njano na meno kama msumeno, na bibi yule yule aliyepandisha dudu juu ya bati akaniambia naingiza mashetani ndani ya nyumba.

Tukabishana siku kadhaa. Dada mmoja ninayesali naye akasema vitabu vya hivyo ni mlango wa mashetani, jirani akasema ni uzungu tu, baba mtoto akasema mtoto ataanza kuota ndoto mbaya na atakayeamka usiku ni yeye (uongo, huwa naamka mimi). Nilivyokaa nikafikiria nikaona kila mtu anaongelea kitu chake ila wote wanatumia jina moja, na mi nadhani ubishi mwingi umejificha kwenye majina, kwa hiyo acha nianzie hapo.

Kiswahili kina jini, shetani, mzimu, mumiani, zimwi, jitu, joka, dubwana, dude. Ukimuuliza mtu haraka haraka atakwambia si ni yale yale. Sio yale yale. Jini lina watu wanaoamini lipo, lina waganga wake, lina dua za kulitoa, na mtu akipandwa anapandwa mbele ya majirani na stori inafika mpaka sokoni. Mzimu ni wa ukoo, ni babu wa mtu, ana jina, anapelekewa pombe na unga. Sasa niambie, umeshawahi kusikia mtu ameenda kwa mganga anasema nimepandwa na zimwi? Au mchungaji anakemea zimwi kwenye mkesha? Zimwi halina mganga, halina mchungaji, halina kaburi. Makao yake ni kwenye stori tu, ukimaliza kusimulia halina pa kwenda.

Zamani inaonekana halikuwa hivyo. Zimwi, mzimu na kuzimu ni mzizi mmoja, na mzizi huo umesambaa kwenye lugha za Kibantu kibao. Wazulu wana amazimu, mijitu inayokula watu, Wakikuyu na Wachaga wana irimu, na kwa Wasotho ndo inachekesha zaidi maana mzizi huo huo umezaa Modimo, yaani Mungu, na ledimo, yaani mla watu. Alice Werner, mama wa Kiingereza aliyekuwa profesa wa Kiswahili kule London, aliwapa hawa walawatu sura nzima kwenye kitabu chake cha 1933 kuhusu visasili vya Wabantu. Kwa hiyo jirani yangu anayesema madude ni uzungu, samahani jirani, hawa tulikuwa nao kabla kitabu cha kwanza cha picha hakijashuka bandarini. Kilichotoka nje ni karatasi na rangi.

Mumiani ni habari nyingine kabisa na hapo sitanii. Oktoba 2016, Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, sio mbali na mjini hapa, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliotoka kituo cha utafiti cha Selian Arusha waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Watu wazima ndo waliofanya yale. Ile haikuwa hofu ya stori, ilikuwa hofu ya kitu ambacho watu wanaamini kinatembea na gari. Hofu ya zimwi haijawahi kukusanya watu na mapanga.

Ndo maana mi naona neno unalotumia ukimsomea mtoto lina uzito. Niliwahi kumsikia dada wa chekechea moja anasoma kitabu cha Kiingereza huku anatafsiri papo hapo, akasema "na hili shetani la kijani likasema", nikaona watoto wawili wameangaliana, mmoja akasogea karibu na mwenzake. Angesema lidude la kijani wangecheka. Picha ni ile ile, rangi ile ile, ila kwa neno moja amelitoa dude kwenye stori akalipeleka kule kanisani anakokwenda mtoto Jumapili na kuona watu wazima wanaanguka chini.

Wazee walikuwa wajanja kwenye hili. Si unakumbuka ilikuwaje, msimuliaji anasema "hadithi, hadithi!" na watoto wanaitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Sikiliza vizuri hapo, watoto wenyewe ndo wanauita uongo, kwa jina lake, kwa sauti, kabla zimwi halijatokea. Hakuna aliyewadanganya. Wamefungua geti wenyewe na wanajua nani anaingia. Bibi yangu mzaa mama, Mpwapwa, ukiitikia kivivu alikuwa anagoma kuendelea, anakaa kimya anachokonoa moto mpaka muitike tena. Kava la kitabu cha picha linafanya kazi hiyo hiyo, kwamba kuanzia hapa ni uongo, ingia.

Sasa swali gumu. Mtoto wa miaka minne kweli anajua ni uongo?

Anajua, na hajui. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Uingereza Paul Harris na wenzake walitoa utafiti wao waliofanya na watoto wa miaka minne na wa miaka sita. Waliwaonyesha maboksi matupu, watoto wakaangalia ndani wakahakikisha hakuna kitu, afu wakaambiwa sasa tujifanye ndani ya boksi kuna sungura, au tujifanye kuna dude. Ukiwauliza, kuna kitu humo? Wanajibu hakuna, tunajifanya tu. Vizuri. Afu mtafiti anatoka nje, anamwacha mtoto peke yake na boksi. Kuna walioinuka wakaenda kuligusa au kuchungulia, na baadhi ya wadogo walioambiwa wajifanye kuna dude hawakutaka kabisa mtafiti atoke awaache nalo. Mtoto yule yule aliyekwambia kwa mdomo wake hakuna kitu.

Usimcheke. Hata wewe unajua kabisa makaburini hakuna anayeamka ila ukipita saa saba usiku peke yako mwendo unabadilika wenyewe. Kichwa cha mtu kikishapiga picha ya kitu, mwili hausubiri ushahidi, na kwa mtoto mdogo picha inawahi zaidi kwasababu ile breki ya kujiambia "tulia, ni mawazo yako" bado inajengwa. Hofu ya giza na madude huwa inapamba moto kwenye umri huo wa chekechea, afu mtoto anavyoendelea kukua anaiacha anahamia kwenye hofu za watu wazima, wezi, kufeli, mzazi kufa. Kwa hiyo ukimwambia mtoto "hakuna kitu, lala" umemwambia kitu anachokijua tayari. Hakijamsaidia mtafiti, hakitakusaidia na wewe.

Hapo ndo kitabu cha picha kinapoingia, na inabidi tukiangalie kwa karibu maana ufundi wake upo kwenye karatasi yenyewe. Vitabu vingi vya aina hii vina kurasa 32, sababu ni ya kiwandani tu, karatasi kubwa inachapwa, inakunjwa, inakatwa, unapata kurasa kwa mafungu ya nane au kumi na sita. Ukitoa za mwanzo zenye jina na haki za mchapaji, mwandishi anabaki na nafasi ya kufunua kama mara kumi na nne hivi. Na kufunua ni mkono wa mtoto. Kila dude linalotokea, yeye ndo kalitoa, na akitaka analirudisha. Dudu la bibi juu ya bati halina ukurasa, linakuja bibi akitaka na linaondoka bibi akitaka, na bibi akisinzia limebaki huko juu.

Kuna kitabu cha Mmarekani Ed Emberley cha 1992, ndo kile nilicholeta nyumbani, kurasa zake zimetobolewa. Unafunua, kwenye weusi yanatokea macho mawili makubwa ya njano. Unafunua tena, pua. Tena, mdomo mwekundu wenye meno meupe makali. Masikio, nywele, uso wa kijani, mpaka dude zima limekuangalia. Afu katikati ya kitabu mtoto anaanza kulifukuza, nywele ziende, pua iende, uso uende, na kila akifunua kipande kinapotea mpaka unabaki weusi mtupu na amri kwamba usirudi mpaka nikuite. Binti yangu mara ya kwanza alifunga kitabu kwenye meno. Akakaa nacho kifuani dakika nzima hivi. Afu akafungua, akaweka kidole kwenye jino moja, akaniangalia, akaendelea. Siku ya tatu alikuwa anafunua mbele nyuma, mbele nyuma, macho yanatoka yanaingia, kama mtu anayewasha na kuzima taa.

Mmarekani mwingine, Maurice Sendak, yeye alitumia ukubwa. Kitabu chake, Where the Wild Things Are, kilitoka 1963, mwaka uliofuata kikapata medali ya Caldecott ambayo kule Marekani ndo tuzo kubwa ya michoro ya vitabu vya watoto. Mtoto mtundu kalazwa bila chakula, chumba kinageuka msitu, anapanda mashua anafika kwa madude anakuwa mfalme wao. Ukikifungua angalia picha, usisome. Mwanzoni picha ni ndogo katikati ya ukurasa mweupe, mtoto akikasirika inakua, msitu ukiota inakua, mpaka madude yanapoanza kucheza picha imekula kurasa zote mbili na maneno yameisha kabisa. Afu inaanza kurudi nyuma. Ukurasa wa mwisho hauna picha hata moja, kuna maneno machache tu ya kusema chakula alichokikuta bado kina moto. Hiyo ni kama kupandisha sauti na kuishusha, na mtoto ambaye hajui kusoma anaisikia.

Na hayo madude ya Sendak yalitoka wapi? Mwanzoni alitaka kuchora farasi, akagundua hajui kuchora farasi. Akaishia kuchora mashangazi na wajomba zake, wahamiaji wa Kiyahudi pale Brooklyn waliokuwa wanakuja nyumbani kwao Jumapili, meno mabovu, vinyweleo vinatoka puani, wanamvuta mashavu wanasema wewe mtoto nitakula. Nilicheka sana nilivyojua hilo kwasababu hao ndugu tunao wote. Yule mjomba anayenukia tumbaku anayekubeba kwa nguvu ukiwa hutaki, kwa mtoto wa miaka mitatu yule ni jitu kweli, kasoro pembe. Ndo maana dude moja kwenye kava la kile kitabu lina nyayo za binadamu.

Kitabu kile nacho kililaumiwa. Mwaka 1969 Bruno Bettelheim, mtu mwenye jina kubwa kwenye saikolojia ya watoto wakati ule, alikiponda kwenye jarida moja la akina mama kwamba kitawatisha watoto, na alikiponda bila kuwa amekisoma. Dada yangu wa kanisani na yeye hajafungua changu mpaka leo, kwa hiyo yuko na kampani nzuri.

Ila ubishi wa kusema vitabu vya kutisha watoto havipo, huo nao siukubali. Vipo. Daktari mmoja wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, alitoa chake 1845 chenye mtoto anayenyonya vidole gumba mpaka anakuja mtu mwenye mkasi mkubwa anavikata, na vinakatwa kweli kwenye picha. Hiyo ni dudu la bibi limechapishwa. Nikipata kitabu cha mtindo huo, usipooga zimwi litakuja, usipokula mchicha zimwi litakuja, nakirudisha kwenye shelfu hata kama picha zake ni nzuri, maana humo dude ni askari wa mzazi na mtoto hana pa kulishika.

Ukitaka dude la Kiswahili lililopikwa vizuri, mchukue Nunda. Stori yake mmisionari Edward Steere aliikusanya Zanzibar, akaichapa London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Waswahili. Sultani ana paka. Paka anakamata ndama, watu wanakuja kushtaki, sultani anasema paka wangu na ndama wangu. Anakamata mbuzi, jibu lile lile. Anakwenda hivyo hivyo mpaka anakula watu, mpaka watoto wa sultani wenyewe, ndo baba anastuka kwamba huyu sio paka tena, ni nunda mla watu. Mtoto mdogo wa sultani anaingia porini kumtafuta, anaua mbwa anamletea mama yake, ndiye huyu? Siye mwanangu. Anaua ngawa, siye. Punda milia, twiga, kifaru, tembo, kila mara wimbo na kila mara mama anasema siye. Hebu iangalie hiyo. Ni kitabu cha kurasa 32 kabisa! Mnyama anakua kila ukifunua, wimbo unarudi mtoto auimbe, na dude mwenyewe amefichwa mpaka mwisho. Alafu halijatoka kuzimu wala majuu, limelelewa sebuleni na mtu mzima asiyetaka kumkemea paka wake. Mchoraji yeyote wa Bongo anayesoma hapa, hiyo ni ya bure, Steere hakudai.

Na kuna kitu lugha yetu imetupa ambacho hao akina Sendak wanahangaika nacho kwa rangi na ukubwa wa picha. Ngeli. Mtu, ukimtaka dude unasema jitu. Nyoka, joka. Mbwa, jibwa. Paka, lipaka. Umeongeza au umetoa silabi moja tu na kiumbe kimejaa mlangoni, na sentensi nzima inalifuata, jitu lile lina meno, linakuja, linanuka. Sasa rudi kwa upande wa pili. Kijitu kile kina meno, kinakuja, kinanuka. Kimefanyaje? Kimesinyaa mbele yako na bado meno kinayo. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuanza kitabu na lidude na kumaliza na kidude bila mchoraji kugusa brashi, na mtoto wa miaka mitatu anakielewa kwasababu ngeli za ukubwa na udogo anazo tayari, hajafundishwa na mtu. Vitabu vingi ninavyoviona vilivyotafsiriwa havijagusa hii kitu kabisa, dude linaitwa "mnyama wa ajabu" mwanzo mpaka mwisho, lugha ya risala. Inaniuma kidogo.

Kuchora viumbe visivyoeleweka nako huku katikati ya nchi sio kugeni. Ukifika Kolo, barabara ya Kondoa kwenda Babati, juu kwenye miamba kuna watu wa rangi nyekundu warefu wembamba kama mabua, vichwa vimejaa kama vichaka. Maeneo yenye michoro kule yanafika 150 na zaidi, Mary Leakey alikaa kuinakili mwaka 1951, UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 2006. Tulimpeleka binti tukiwa njiani kwenda msibani, akaangalia wee, akauliza mbona hawana macho. Hakuogopa hata kidogo. Aliogopa mbuzi wa pale chini.

Kwa vitendo basi, kwangu mimi ilivyofanya kazi. Nasoma mchana kwanza, usiku baadaye. Kitabu anashika yeye. Akiruka ukurasa simrudishi. Sisemi "umeona, dude ni zuri" kwasababu sio lazima liwe zuri, mengine yabaki mabaya tu na yafukuzwe. Akilia tunafunga, na kitabu kinalala sebuleni, sio chini ya kitanda, maana chini ya kitanda pana wenyewe tayari. Tukimaliza nampa mkaa anachora la kwake ukutani nyuma ya jiko. La kwanza lilikuwa na miguu saba na linakula ugali wa uwele kwa mlenda, la pili lina mimba.

Baba mtoto alipanda akagonga ule msumari wa bati mwezi wa nane, baada ya kuambiwa mara kumi. Ila bibi hajabadilika. Juzi mtoto anazurura sebuleni saa tatu usiku, bibi akamwambia nenda kalale, dudu linakuja. Mtoto akasimama, akamuuliza, "Dudu gani, bibi? Lina miguu mingapi?"

Bibi akatafuta jibu. Akasema minne.

"Basi hilo ni mbuzi," mtoto akasema, lakini akaja akanishika gauni.